Uzi: Mchezaji wa Springboks aliyezikwa Dar es Salaam, na wanaraga wengine wa timu za taifa waliofia vitani

Fowadi Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kando ya Barabara ya Bagamoyo, hapa Dar, yapo makaburi ya vita ambayo wengi wetu tunayapita tukiwa ndani ya daladala bila kujua ni akina nani wamelala mle. Mmoja wao ni Jan Willem Hurter Morkel, ambaye wenzake walimwita Jackie. Alikuwa senta wa Springboks, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini. Alifariki tarehe 15 Mei 1916, nchi hii ikiwa bado inaitwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kilichomuua ni kuhara damu.

Nataka tumkumbuke, na tukishamtaja yeye tuwataje na wenzake. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliua wachezaji wa raga wa timu za taifa zaidi ya 120. Kumbukeni kwamba nchi zilizocheza raga ya kimataifa wakati ule zilihesabika kwa vidole: England, Uskoti, Wales, Ireland, Ufaransa, New Zealand, Australia, Afrika Kusini, na Marekani kidogo.

Nianze na mechi moja. 4 Januari 1913, uwanja wa Twickenham, London. Springboks walikuwa wamezunguka Visiwa vya Uingereza tangu mwaka uliotangulia, wakawafunga Uskoti 16-0, Ireland 38-0 na Wales 3-0. England walikuwa hawajapoteza mechi ya kimataifa Twickenham tangu uwanja ufunguliwe. Siku hiyo trai (kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani) ya England ilifungwa na Ronald Poulton, mchezaji wa Oxford ambaye mabeki walishindwa kumkamata kwa jinsi alivyokuwa akikata kona katikati ya mbio. Trai ya Afrika Kusini ilifungwa na Jackie Morkel. Halafu Dougie Morkel, wa ukoo uleule, akapiga penalti mbili. Trai enzi hizo ilikuwa pointi 3, kwa hiyo mechi ikaisha 9-3, Springboks wakashinda.

Wafungaji wawili wa trai katika mechi moja. Poulton, ambaye baadaye alijulikana kama Poulton-Palmer kwa sababu ya urithi wa mjomba wake wa kiwanda cha biskuti cha Huntley & Palmers kule Reading, akawa nahodha wa England. Aprili 1914 aliwafunga Wafaransa trai nne peke yake jijini Paris. Tarehe 5 Mei 1915 mdunguaji wa Kijerumani alimuua katika mahandaki ya msitu wa Ploegsteert, Ubelgiji. Mwaka mmoja na siku kumi baadaye Morkel akafia huku kwetu.

Morkel alikuwa na wapanda farasi wa Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini. Anayejua kilichotokea njia ya Kondoa mwaka 1916 atanielewa. Van Deventer alisukuma watu wake kutoka upande wa Arusha hadi Kondoa Irangi mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Mito ilifurika, magari yakazama kwenye matope, farasi wakafa kwa mamia, chakula hakikufika. Usiku wa kuamkia 10 Mei von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawashambulia palepale Kondoa na akashindwa kuwatoa. Waliookoka risasi wakabaki na homa na tumbo. Siku tano baadaye Morkel alikuwa marehemu.

Wa pili ni Gerald Thompson, fowadi wa ziara ileile ya 1912, aliyecheza dhidi ya Uskoti, Ireland na Wales. Yeye aliuawa vitani 20 Juni 1916 huko Kangata, kusini ya Handeni, akiwa na kikosi cha 5 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini. Handeni ilikuwa imetekwa juzi yake tu. Walikuwa wanawafuata Wajerumani kwenye vichaka vizito, huoni mita ishirini mbele, wakaingia mdomoni mwa bunduki za rashasha. Naye yuko hapo Barabara ya Bagamoyo.

Mwenye jina jingine alilete. Nchi yoyote, vita yoyote ya dunia.

Msomaji wa Usiku

Mkuu, ahsante kwa uzi huu. Mimi ni mtu wa mpira wa miguu, haya sikuyajua hata moja. Swali: kwa nini raga iliumizwa hivi? Nchi hizo zilikuwa na wanamichezo wa kila aina.

Fowadi Mstaafu

Swali zuri sana. Zipo sababu kadhaa, ila nitakazia moja.

Tarehe 13 Agosti 1914, vita ikiwa na siku tisa tu kwa upande wa Uingereza, chama cha raga cha England kilipeleka waraka kwa klabu zote kikiwataka wachezaji wajiandikishe jeshini. Raga ilikuwa ya ridhaa, hakuna aliyelipwa, hakuna mkataba wa kuvunja. Klabu zilifunga milango na timu nzima zikaenda kujiandikisha pamoja. Ligi ya mpira wa miguu iliendelea kuchezwa mpaka masika ya 1915.

Halafu angalia vyeo. Wengi wa wachezaji wa England na Uskoti walitoka shule za kulipia na vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge na Edinburgh. Jeshi liliwachukua vijana wa namna hiyo likawafanya luteni na kapteni, na kazi ya luteni katika vita ile ilikuwa kupiga filimbi na kutoka kwenye handaki kabla ya watu wake wote. Hao ndio waliokufa haraka kuliko wengine.

Lakini wasije watu wakadhani ni watoto wa matajiri peke yao. Wales wachezaji wao walitoka migodini, bandarini, polisi. Dick Thomas alikuwa polisi, aliuawa Julai 1916 kwenye msitu wa Mametz katika mapigano ya Somme, Ufaransa. Johnny Williams, winga aliyeifungia Wales trai 17 katika mechi 17, alijeruhiwa msituni humohumo na akafa siku chache baadaye. Na Ufaransa kila kijana mwenye afya aliitwa kwa sheria, awe mkulima au daktari.

Ngong Road

Nawasalimu kutoka Nairobi. Hapa raga tunaijua, na bado haya majina hatufundishwi.

Mimi naleta Dave Gallaher, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu kila anayependa All Blacks anapaswa kumjua. Alizaliwa Ramelton, Donegal, Ireland, mwaka 1873. Wazazi wake walihamia New Zealand akiwa mtoto. Alipigana Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, akarudi, na mwaka 1905 akawa nahodha wa timu ya kwanza ya New Zealand iliyozuru Uingereza na kuanza kuitwa All Blacks. Mechi 35, wakapoteza moja tu, dhidi ya Wales jijini Cardiff, 3-0. Hadi leo watu wa Wales na New Zealand wanabishana kuhusu trai iliyokataliwa siku ile.

Vita Kuu ilipoanza alikuwa amepita umri wa miaka 40, ana mke na binti. Hakuna aliyemlazimisha. Alijiandikisha na kupunguza umri wake kwenye fomu. Tarehe 4 Oktoba 1917, katika mapigano ya Passchendaele nchini Ubelgiji, kipande cha kombora kilimpiga kichwani akafa siku hiyohiyo. Amezikwa makaburi ya Nine Elms karibu na Poperinge. Jiwe lake la kaburi limeandikwa miaka 41 wakati alikuwa na 43. Umri alioutoa kwenye fomu umebaki naye hata kaburini.

Tangu mwaka 2000 Ufaransa na New Zealand wanashindania Kombe la Dave Gallaher. Mechi ya kwanza ilichezwa Paris tarehe 11 Novemba, siku vita ile ilipokoma. Auckland wamemsimamishia sanamu nje ya Eden Park. Letterkenny, kule kwao Donegal, uwanja wa raga una jina lake. All Blacks walipoteza wachezaji 13 katika vita ile, na huyu ndiye wote wanayemtaja kwanza.

MwanaKondoa

Wakuu, nimesoma yote kwa heshima. Naomba niseme kitu ambacho kinaniuma.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Mleta uzi ametaja njia ya van Deventer, mvua, farasi, tumbo. Sawa. Lakini hao askari chakula chao kilibebwa na nani? Risasi zao zilibebwa na nani? Babu mzaa babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo. Alichukuliwa shambani. Hakurudi, na ukoo mzima hakuna ajuaye amelala wapi. Ng'ombe walichukuliwa, nafaka ikachukuliwa, na vita ilipoondoka ikaacha njaa. Wagogo majirani zetu wanaiita Mtunya, ile ya 1917 hadi 1920. Wazee wao wanaitaja mpaka leo.

Sasa tunafungua uzi kumkumbuka senta wa Springboks. Tena Springboks ya wakati ule, ambayo mtu mweusi hakuruhusiwa hata kuota kuivaa jezi yake. Alikuja hapa na jeshi la kuteka nchi. Sisemi tumtukane, marehemu ni marehemu. Nauliza: kwa nini yeye kwanza?

Fowadi Mstaafu

Ndugu MwanaKondoa, hoja yako ni nzito na sitaki uzi huu uipite pembeni. Niache waliosoma zaidi kuhusu makaburi yenyewe waseme, nami nitarudi.

Bibi wa Upanga

Wanangu, habari za saa hizi. Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na makaburi hayo mnayoyazungumzia nayafahamu. Acha nimjibu MwanaKondoa kwa kumweleza yalivyopatikana, maana jibu liko pale pale chini.

Zamani makaburi ya vita ya mjini yalikuwa Ocean Road, kando ya bahari. Mwaka 1968 palihitajika barabara mpya, ndipo mabaki ya watu 660 wa Vita Kuu ya Kwanza yakahamishiwa Barabara ya Bagamoyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaletwa makaburi mengine yapatayo 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania, kule ambako ilionekana haitawezekana tena kuyatunza.

Sasa sikilizeni. Ocean Road makaburi yalikuwa yamegawanywa kwa rangi na dini. Ya Wazungu kila moja lilikuwa na alama yake. Ya Waafrika, Wakristo kwa Waislamu, hayakuwekewa alama ya mtu mmoja mmoja. Ilipofika siku ya kuhamisha hakuna aliyeweza kusema huyu ni fulani na yule ni fulani, wakazikwa upya kwa pamoja, kila kaburi la pamoja na ukuta wake wa kumbukumbu. Kwa hiyo ndani ya uzio mmoja, Morkel ana jiwe lenye jina na tarehe, na hatua chache kutoka kwake wako Waafrika walioshiriki vita hiyohiyo wakiwa wamefunikwa na udongo mmoja.

Na hao angalau wana kaburi. Wapagazi wengi walikufa njiani. Takwimu rasmi za Waingereza zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000 upande wao, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo kwa mbali. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa. Yaani alichokufa nacho Jackie Morkel ndicho kilichowaua wao kwa makumi ya maelfu. Kariakoo ya hapa Dar na Kariokor ya Nairobi zilikuwa kambi zao. Sanamu ya Askari pale mjini iliwekwa 1927, na maandishi yake yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Majina hakuna.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri wazi. Watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti ilieleza kwamba hilo lilitokana na ubaguzi wa viongozi wa wakati ule, walioona Mwafrika hahitaji jiwe lenye jina lake. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Mwanangu MwanaKondoa, kumtaja Morkel hakumzuii babu yako kutajwa. Mimi nakuomba umtaje hapa hapa.

MwanaKondoa

Shikamoo Bibi. Nimekuelewa. Jina la babu nitalileta nikishaongea na shangazi yangu mkubwa, yeye ndiye anayelijua kamili pamoja na la baba yake. Sitaki nikosee.

Dada wa Leith

Habari za usiku. Niko Edinburgh mwaka wa nane sasa, mzaliwa wa Tanga. Nimemsoma Bibi nikasisimka.

Niongeze ya huku. Uskoti ndiyo iliyopoteza wachezaji wengi wa timu ya taifa kuliko nchi yoyote, wapatao 30. Ukienda Murrayfield kuangalia mechi unapita karibu na upinde wa mawe uliojengwa kwa ajili yao, na siku za Novemba unakuta mashada ya maua mekundu ya popi.

Mechi ya kuijua ni ya 21 Machi 1914, Uskoti na England, hapa Edinburgh uwanja wa Inverleith. England walishinda 16-15. Poulton aliyetajwa juu ndiye alikuwa nahodha wa England, na nahodha wa Uskoti alikuwa Eric Milroy, namba tisa. Kati ya wachezaji 30 waliokuwa uwanjani siku ile, 11 walikufa vitani, manahodha wote wawili wakiwemo.

Milroy aliuawa Julai 1916 katika msitu wa Delville, Somme. Mwili wake haukupatikana. Inasimuliwa huku kwamba mama yake hakukubali kabisa kuwa amekufa, na kwa miaka iliyobaki aliacha taa ikiwaka na mlango haujafungwa ili mwanawe akirudi usiku aingie. Mimi ni mama wa mvulana, kisa hiki nikikisoma lazima niweke simu chini kwanza.

Katika mechi ileile alicheza James Huggan, daktari, mtoto wa Jedburgh. Ilikuwa mechi yake ya kwanza ya taifa na ya mwisho. Septemba 1914 alikuwa kando ya mto Aisne, Ufaransa. Banda lililojaa majeruhi wa Kijerumani liliwaka moto, yeye akaongoza watu kuwatoa, chini ya risasi za Wajerumani wenzao. Siku mbili baadaye, tarehe 16, akauawa. Alikwenda kuwaokoa maadui, na tayari walikuwa ni wagonjwa wake.

Tangu 2018 Uskoti na Ufaransa wanashindania kombe la kumkumbuka Milroy pamoja na Mfaransa Marcel Burgun, aliyekuwa rubani wa ndege za kivita na kufa 1916.

Mrundi wa Toulouse

Amahoro kwa wote. Kwa kuwa Burgun ametajwa, na mimi niseme ya hapa ninapoishi. Toulouse raga ni kama dini.

Alfred Mayssonnié alikuwa wa Stade Toulousain na timu ya taifa. Vita ilianza Agosti 1914, na kufikia tarehe 6 Septemba alikuwa amekwisha kufa katika mapigano ya Marne. Mwenzake wa klabu, Pierre Mounicq, ndiye aliyemzika kwa mikono yake. Hapa mjini kuna sanamu kubwa ya Herakles akivuta upinde, kazi ya Antoine Bourdelle, iliyowekwa kuwakumbuka wanamichezo waliofia vitani. Jina la Mayssonnié liko hapo.

Maurice Boyau alikuwa nahodha wa Ufaransa kabla ya vita. Jeshini akawa rubani na kuangusha ndege na maputo ya adui 35. Alidunguliwa 16 Septemba 1918, vita ikiwa imebakiza chini ya miezi miwili. Ukisikia Dax wanacheza nyumbani, uwanja wao ndio unaitwa Maurice-Boyau.

Kuna mwingine ambaye hata Wafaransa wengi hawamjui, naye anaingia kabisa katika mjadala wa MwanaKondoa. Albert Eutropius aliichezea Ufaransa mwaka 1913. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Afrika ya Kati, na Mei 1915 aliuawa katika vita vya Kameruni. Mchezaji mwingine wa taifa ambaye kaburi lake ni Afrika, kwenye vita ambayo mizigo ilibebwa na wenyeji. Ukichimba kila mahali utakuta mpagazi yuko pembeni ya jina lililoandikwa.

Msomaji wa Usiku

Huu uzi umenifungua macho. Naomba niulize jingine: vipi wale ambao vita haikuwaua palepale, wakarudi wameharibika akili? Wanahesabiwa?

Ngong Road

Mfano upo, na ni wa kusikitisha. Jasper Brett aliichezea Ireland mara moja, dhidi ya Wales, Machi 1914. Rais wa chama cha raga cha Ireland, Frank Browning, aliwakusanya wanaraga kwenye uwanja wa Lansdowne Road, na wengi wao wakaunda kampuni moja ndani ya kikosi cha Royal Dublin Fusiliers. Brett alikuwa mmoja wao. Walipelekwa Gallipoli, Uturuki, Agosti 1915, ghuba ya Suvla, na huko wakaisha. Waliobaki wakapelekwa Salonika. Brett alirudishwa nyumbani akiwa mgonjwa wa akili kwa yale aliyoyaona, akalazwa hospitali, akaruhusiwa, na Februari 1917 akajiua. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo.

Leo anatajwa katika orodha ya wachezaji wa Ireland waliokufa kwa vita, na mimi naona ni haki yake. Browning mwenyewe alipigwa risasi barabarani Dublin, Aprili 1916, kwenye machafuko ya Pasaka, yale maasi ya Waairishi dhidi ya utawala wa Uingereza.

Ukiisoma Gallipoli utachoka na wanaraga. David Bedell-Sivright, daktari wa upasuaji, aliyekuwa nahodha wa Visiwa vya Uingereza katika ziara ya Australia na New Zealand 1904, alikufa huko kwa sumu kuingia kwenye damu na kuzikwa baharini. Blair Swannell aliyecheza kwa Visiwa vya Uingereza na kisha kwa Australia aliuawa siku ya kwanza kabisa ya kutua, 25 Aprili 1915.

Kocha wa Vijana

Wakuu, msisahau vita ya pili. Sitaandika mengi. Alexander Obolensky, mtoto wa familia ya Kirusi iliyokimbia mapinduzi, aliyewafunga All Blacks trai mbili Twickenham Januari 1936 England wakashinda 13-0, alikufa Machi 1940 ndege yake ya mazoezi ilipoanguka. Donald Cobden wa New Zealand alidunguliwa angani karibu na pwani ya Uingereza 11 Agosti 1940, siku aliyotimiza miaka 26. Maurice Turnbull wa Wales, aliyeichezea England kriketi pia, aliuawa Normandy Agosti 1944. George Roberts wa Uskoti alifia mikononi mwa Wajapani akiwa mateka mwaka 1943.

Mimi kabla ya mechi za Novemba huwa nawasomea vijana wangu jina moja tu na maisha yake. Moja linawakaa. Ishirini hayawakai.

Mlango wa Kusini

Nawasoma kutoka Cape Town, nafanya kazi bandarini hapa, asili yangu ni Kigoma. Nina jambo linalogusa pande zote mbili za uzi huu.

Januari 2025 katika bustani ya Company's Garden, katikati ya mji, ilifunguliwa kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi waliofia kazini katika vita ya kwanza bila kubeba silaha. Wabeba mizigo, madereva wa mikokoteni, wachimba barabara. Wengi wao walifia huko Afrika Mashariki, katika kampeni ileile iliyowaleta Morkel na Thompson. Ni watu zaidi ya 1,700, na kila mmoja amesimamishiwa nguzo yake ya mti wa mvule, juu yake jina lake na tarehe aliyokufa. Zaidi ya miaka mia moja walikuwa hawana jiwe popote.

Nilizunguka pale nikisoma jina moja moja. Majina ya Kisotho, ya Kixhosa, ya Kizulu. Morkel alikuwa na jiwe lake muda wote huo. Hawa walikuja na meli zilezile, wakafa kwa magonjwa yaleyale, na majina yao yalikuwepo kwenye makaratasi. Kilichokosekana ni mtu wa kuyatafuta.

Fowadi Mstaafu

Nilisema nitarudi kwa MwanaKondoa. Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Morkel kwanza. Nilimtanguliza kwa sababu jina lake ninalo. Najua alicheza nafasi gani, alifunga wapi, alikufa lini. Raga imefanya kazi ya kuwaweka watu wake: klabu ziliandika vitabu, vyama vikachonga kuta, makombe yakapewa majina, na kila Novemba kuna mtu anayesoma orodha. Kazi hiyo ikifanywa kwa wapagazi, wao pia watatajwa kwanza. Mlango wa Kusini ametuonyesha kuwa inawezekana hata baada ya karne nzima.

Kwa hiyo nabadilisha lengo la uzi huu, kama wakuu mnaridhia. Wachezaji waendelee kutajwa, Morkel na Thompson wasiondolewe. Lakini kila mwenye jina la mzee wa ukoo wake aliyechukuliwa vitani kati ya 1914 na 1918, awe askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), askari wa Wajerumani au mpagazi, aliandike hapa, na kijiji chake.

MwanaKondoa

Naridhia. Shangazi amenipa jina lote na la kijiji alichochukuliwa. Nataka kwanza nijue kama limeandikwa mahali. Naanzia wapi?

Bibi wa Upanga

Mwanangu, anza na tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Wana sehemu ya kutafuta marehemu kwa jina, bure. Usiandike jina namna moja tu. Makarani wa wakati ule waliandika walivyosikia, kwa hiyo jaribu R pale ulipo na L, jaribu kuondoa herufi ya mwisho, jaribu jina la baba peke yake. Chagua Tanzania, halafu jaribu na Kenya, maana wengi wameandikwa kwenye kumbukumbu za Nairobi na Mombasa.

Usipomkuta, tume inapokea maombi ya watu ambao hawajawahi kuandikwa. Watahitaji ushahidi. Muulize shangazi kama kuna kadi, medali, barua ya misheni, karatasi yoyote yenye namba. Mwambie asikutumie karatasi yenyewe kwa mtu wa basi, uipige picha wewe ukifika. Ukikwama kwenye Kiingereza cha fomu niandikie, nitakaa nawe tuijaze pamoja.